Kijiji Kilichonyimwa kwa Faida ya Taifa

Ipo nchi moja, jina lake ninalo lakini silitoi, ambako mtu haruhusiwi kusema "kwa sababu" bila kibali. Kibali chenyewe hutolewa na Wizara ya Sababu na Visababishi, ghorofa ya tatu, dirisha la kushoto, na aliyekaa nyuma ya dirisha hilo kwa miaka ishirini na mbili ni mimi. Karani wa Daraja la Tatu. Nina mihuri minne, birika la chai, na kiti ambacho kimeshanijua.

Wizara ilianzishwa baada ya jambo la aibu. Mzee mmoja alisema hadharani sokoni kwamba mchele umepanda bei kwa sababu barabara imekufa. Mwingine akasema la, umepanda kwa sababu ya Serikali. Mtukufu, Mkuu wetu wa Nchi, aliposikia alihuzunika sana. Hakuhuzunikia mchele. Alihuzunika kuona raia wake wanatoa sababu ovyo, bila elimu wala adabu, kama watu wanaotema mate njiani. Wiki iliyofuata tukapata wizara, waziri, magari manane na sheria.

Tangu hapo tunaishi kwa utulivu. Mtoto akichelewa shule humwambia mwalimu, "Nimechelewa, na asubuhi kulikuwa na mvua, uhusiano wake haujathibitishwa." Mke akimuuliza mumewe kwa nini ananuka pombe, hujibiwa kwamba suala hilo liko katika uchunguzi. Hata methali tulizipitia moja moja. "Dalili ya mvua ni mawingu" iliruhusiwa kwa miezi sita, ikisubiri takwimu. "Haraka haraka haina baraka" ilipita bila kupingwa, maana wizarani kwetu hakupatikana mtu aliyewahi kujaribu haraka.

*

Sasa, sababu hupimwaje? Hapo ndipo wataalamu wetu walipotofautiana, na wataalamu wakitofautiana anayebeba mafaili ni karani.

Walikuwa watatu. Profesa Nasibu Kirungu aliamini kura. Ukitaka kujua kama dawa inaponya, alisema, piga kura, nusu ya watu wape, nusu wanyime, kisha kaa uhesabu makaburi. Dokta Kulwa Msangule aliamini ufanano. Yeye hakutaka kumnyima mtu. Alitafuta wawili wanaofanana kwa umri, kwa shamba, hadi kwa idadi ya kuku, mmoja kapata dawa na mwenzake hakupata, akawaangalia. Profesa Hidaya Mwinyikondo aliwacheka wote wawili. Alipima kabla na baada: huyu alikuwaje na sasa yukoje, yule alikuwaje na sasa yukoje, toa badiliko la yule kwenye badiliko la huyu, kinachobaki ndiyo sababu. Walisalimiana kila asubuhi kwa heshima kubwa na hawakukaa meza moja hata siku ya sikukuu.

Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuthibitisha kwamba ziara za Mtukufu huleta mvua. Kila mtu alijua kwamba huleta. Ilitakiwa hesabu tu. Profesa Nasibu akashauri Mtukufu apelekwe mikoani kwa kura. Akaulizwa kama anamwona Mtukufu ni kitu cha kurushwa juu kama sarafu, akawekwa ndani siku mbili. Dokta Kulwa akasema kwake ni rahisi zaidi: atafutwe mtu anayefanana na Mtukufu kwa kila kitu, isipokuwa si Mtukufu. Huyo aliwekwa ndani wiki mbili. Profesa Hidaya, aliyekwisha kujifunza kwa wenzake, aliomba kwa upole takwimu za mvua za kabla ya Mtukufu. Akaambiwa kwamba nchi hii haikuwa na kabla.

Mwishowe ripoti iliandikwa na dereva wa Waziri, na ikathibitisha.

*

Ndipo ukaja mradi wa maji. Waziri wetu, Mheshimiwa Kirumbi, aliutangaza uwanjani huku jasho likimtiririka.

"Ndugu wananchi! Zama za kugawa maji kiholela zimekwisha! Mnywaji wa leo lazima anywe kisayansi! Tutatoa maji kwa kijiji kimoja, tutakinyima kimoja, na baada ya miaka kumi dunia nzima itajua, kwa ushahidi usiotikisika, kwamba maji ya Mtukufu ni matamu!"

Vijiji vilikuwa viwili vinavyotazamana bondeni, Chekeleni na Kwamgude. Vyote viwili vilichota maji ya tope kwenye kijito, mwendo wa saa nzima. Wataalamu watatu waliridhika: Kulwa kwa kuwa vilifanana, Hidaya kwa kuwa kulikuwa na kabla, na Nasibu kwa kuwa kulikuwa na kura.

Kura ilipigwa kwa sarafu, nami niliandika kumbukumbu. Mara ya kwanza sarafu iliangukia Kwamgude. Waziri akafafanua kwamba hiyo ilikuwa ya mazoezi. Mara ya pili ilibiringika chini ya kiti cha Mkuu wa Wilaya, na Mkuu wa Wilaya hakuona ni heshima kuinuka. Mara ya tatu iliangukia Chekeleni, ambako, kwa bahati tupu, anaishi mama mkwe wa Waziri. Watu walipiga makofi. Profesa Nasibu alitazama viatu vyake hadi mkutano ulipoisha.

Chekeleni wakapata pampu, mabomba kumi na mawili, na tangi lenye picha ya Mtukufu akinywa. Kwamgude wakapata kibao cha bati kando ya barabara: KIJIJI HIKI HAKINA MAJI KWA FAIDA YA TAIFA. TAFADHALI USIKISAIDIE. Kila kaya ikapewa pia hati ya shukrani iliyotiwa plastiki.

Kulikuwa na masharti. Maji yakitoka kijiji kilichopewa yakaingia kijiji kilichonyimwa, jaribio limeharibika. Wataalamu huita uvujaji. Basi ilikatazwa mtu wa Chekeleni kuvuka bonde na kidumu, ndoo, au hata nguo mbichi. Mama mmoja wa Chekeleni alivuka kwenda kumzika mjomba wake wa Kwamgude, akalia sana. Afisa wa Uvujaji akamsimamisha kando ya kaburi na kumuuliza maji ya machozi hayo aliyanywea wapi.

"Na kwanza," alimwambia, "pilipili usiyoila yakuwashiani?"

*

Mwaka wa pili, dirishani kwangu alikuja mwanamke wa makamo aliyejifunga kanga mbili, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Alikuwa Bi Sikudhani, mkunga wa Kwamgude. Aliitoa ile hati kwenye kanga yake akaiweka juu ya meza yangu.

"Mwanangu, karatasi hii hainyweki."

"Shikamoo mama. Hiyo ni ya heshima."

"Marahaba. Heshima nimeiona. Tangu mvua za vuli nimezalisha wanawake tisa. Wanne nimewaosha kwa maji ya kidumu kimoja, maji yale yale. Mtoto wa Mwanahawa hakufika arobaini."

"Pole sana, mama. Ila tafadhali, usije ukasema amekufa kwa..."

"Sijasema. Maji yalikuwa machafu, na mtoto kafa. Kuunganisha, unganisha wewe."

Alikuwa ndani ya sheria kabisa. Nikamweleza kama tulivyofundishwa semina: kwamba yeye na wenzake ndio kipimo, na kwamba wao wasipokosa, Serikali haitaweza kujua inawafaa vipi wale waliopata.

"Kwa hiyo sisi tukipata maji, wale wa Chekeleni maji yao hayatawafaa?"

"Yatawafaa, mama. Ila haitajulikana."

Alinitazama bila hasira, kama anavyotazama tumbo la mwanamke ambaye mtoto amekaa vibaya. "Ngoja ngoja huumiza matumbo," alisema. "Hebu niambie. Sheria yenu hii inakataza mila?"

Tangu nikae dirishani pale hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kifungu. Nilifungua kitabu kwa furaha. Kifungu cha kumi na nne: *Hakuna chochote katika sheria hii kitakachozuia mila na desturi za wananchi, hususan ngoma wakati wa ziara za viongozi.*

"Soma tena," alisema Bi Sikudhani. Nikasoma tena.

*

Bondeni kule mwanamume haoi kwa ng'ombe. Anaoa kwa kazi ya ukweni. Mama wa binti hutaja kazi moja, na mchumba haruhusiwi kuikataa, wala kuuliza ya nini, wala kusema amechoka. Wengi hutaja kuezeka nyumba au kung'oa visiki. Bi Sikudhani alikuwa na binti aitwaye Mwajabu, na Mwajabu alikuwa na mchumba, Kibwana, fundi mwashi wa Chekeleni.

"Nataka shimo," Bi Sikudhani akamwambia. "Hapa nyuma ya nyumba. Uchimbe mpaka nitakaposema basi."

Kibwana alichimba miezi miwili na nusu. Mwajabu alivuta udongo kwa kamba, na jioni watu walikuja kuchungulia wakamwonea huruma. Siku ambayo sauti ya Kibwana ilitoka chini ikiwa na mwangwi wa maji, Bi Sikudhani aliinama juu ya shimo, akasikiliza, akasema, "Basi. Mwanangu nimekupa."

Afisa wa Uvujaji alituma taarifa kwa pikipiki. Ndani ya siku tatu wataalamu wote walikuwa wamesimama kuzunguka kisima kile, na Waziri katikati yao.

"Jaribio limeharibika, kifukiwe," alisema Profesa Nasibu.

"Kabla ya kufukia, tutafute mama mkwe mwingine anayefanana na huyu," alisema Dokta Kulwa.

"Kwanza tujue shimo lilikuwaje kabla halijawa shimo," alisema Profesa Hidaya.

Bi Sikudhani alikuwa anachambua mboga mlangoni. Hakuinuka. "Waheshimiwa, shimo hilo ni mahari ya mwanangu. Kulifukia ni kuvunja ndoa. Muulizeni bwana karani, kifungu kipo."

Wote wakanigeukia. Nikakisoma. Waziri alifungua mdomo akaufunga, kwa sababu (hapa ninacho kibali, nilikiomba baadaye) mama mkwe wake alikuwa amesimama ng'ambo ya bonde, mikono kiunoni, anatazama ni nani atakayevunja mila ya ukweni.

Uamuzi ulitolewa kwa maandishi. Shimo ni mahari. Kilichomo ndani yake si maji bali ni unyevu wa kimila, na hautaingia katika takwimu.

Mwaka ule kina mama wote wa Kwamgude waliokuwa na mabinti wakakumbuka kwamba nao wanataka shimo. Bi Mtumwa, mjane asiye na mtoto, alikwenda kumwasili binti wa ndugu yake, msichana mwenye uso mzuri, akapata kisima kabla ya masika. Vikafika visima kumi na kimoja. Vijana wa Chekeleni wakawa na mabega mapana, na Bi Sikudhani akazalisha kwa maji safi, ndoo tatu kwa kila mama.

*

Ukafika mwaka wa kumi, wa ripoti.

Niseme kwanza habari za Chekeleni. Pampu yao ilifanya kazi vizuri siku ya uzinduzi na miaka miwili baada yake. Kisha mkanda wa mashine ukakatika. Wakaomba mkanda mwingine. Lakini ili watengewe mkanda ilibidi kuthibitishwa kwamba maji hayatoki kwa sababu mkanda umekatika, na wataalamu hawakuafikiana ni njia gani itumike kuthibitisha. Faili la mkanda lilikuja dirishani kwangu. Nililiweka mahali salama, chini ya birika, ambapo lilisaidia meza isiungue. Watu wa Chekeleni wakarudi kwenye kijito, na usiku usiku wakawa wanavuka bonde na vidumu vitupu kuchota visimani Kwamgude, uvujaji ukienda upande ambao hakuna aliyeutungia kanuni.

Profesa Nasibu akahesabu kwa njia yake. Dokta Kulwa kwa njia yake. Profesa Hidaya kwa yake. Kisha wakakutana, na mimi nilikuwepo, nikaona rangi zikiwatoka mmoja mmoja. Watoto wa Chekeleni waliugua zaidi na kufa zaidi kuliko wa Kwamgude. Ukipima kwa kura, ni hivyo. Ukipima kwa ufanano, ni hivyo. Kabla na baada, hivyo hivyo. Kwa mara ya kwanza tangu wizara ianzishwe njia tatu zilikuwa zimekubaliana, nazo zilisema kwamba maji ya Mtukufu huleta kiu.

Profesa Hidaya alilia. Dokta Kulwa alianza kukusanya kalamu zake kama mtu anayejiandaa kwa safari.

Waziri alifunga mlango, akazunguka chumba mara mbili, kisha akatabasamu. "Njia zenu ni sahihi," alisema. "Vijiji ndivyo vimekosea. Karani! Sarafu ya kwanza kabisa iliangukia wapi?"

Nilifungua kumbukumbu. "Kwamgude, mheshimiwa. Ile ya mazoezi."

"Nani alisema ya mazoezi?"

Nilimtazama. Nikatazama kumbukumbu. Nikasema haikuandikwa nani.

Mchana ule ule kibao cha bati kiling'olewa Kwamgude kikasimikwa Chekeleni. Na tangi lenye picha ya Mtukufu likavuka bonde juu ya lori.

*

Mtukufu mwenyewe alikuja kukata utepe kwenye kisima cha Bi Sikudhani. Hotuba ilichukua saa tatu, na mvua haikunyesha. Kisha Bi Sikudhani akaitwa kutoa shukrani, na Waziri akampa kibali kilichokwisha kujazwa na kugongwa mihuri yote minne: aliruhusiwa kusema kisima kipo kwa sababu ya Mtukufu.

Alikishika kile kibali, akakikunja vizuri.

"Kisima kipo," alisema kwenye kipaza sauti. "Na Mtukufu yupo. Uhusiano wake haujathibitishwa."

Hakuna aliyecheka. Kibwana alikohoa sana hadi akatolewa nje ya mkusanyiko. Waziri, baada ya kuitafutia kosa ile sentensi na kulikosa, alianza kupiga makofi, na sote tukafuata.

Sasa visima vikawa vya Serikali. Vyote kumi na kimoja vikafunikwa kwa zege, vikatiwa vifuniko vya chuma na makufuli. Ndoo na kamba zikapigwa marufuku kama zana duni. Pampu ya umeme ikafungwa, mabomba yakatandazwa, na funguo zikapelekwa wilayani. Mwezi wa pili mkanda ukakatika. Faili likaja dirishani kwangu, nami nikaliweka juu ya lile la kwanza. Birika likakaa vizuri zaidi.

*

Bi Sikudhani alikuja tena dirishani Jumanne moja, saa nne asubuhi. Amezeeka. Mgongoni alibeba mjukuu, mtoto wa Mwajabu, wa miezi minane hivi, midomo imekauka na macho yamezama, kichwa kimelala upande kama cha mtu aliyechoka kusubiri foleni.

"Mwanangu, nataka fomu."

"Ya nini, mama?"

"Ya kuomba kunyimwa."

Nikamwambia fomu hiyo haipo.

"Basi iandike. Tulipokuwa tumenyimwa tulikunywa. Tangu tupewe tumerudi kijitoni. Turudisheni tulikokuwa. Hatutaki chochote chenu. Si mlisema tunalifaa taifa?"

Nilichukua karatasi nikaanza kupiga mistari. Jina. Kijiji. Idadi ya kaya. Kitu kinachoombwa kunyimwa: maji ya Serikali. Nikafika namba sita, ambayo iko katika kila fomu yetu: *Sababu ya ombi (ambatisha kibali).* Kibali cha sababu huchukua wiki kumi na nne, maana kinapita kwa wataalamu wote watatu. Nilitaka kumweleza. Mtoto akatoa sauti. Hakikuwa kilio, alikuwa hana maji ya kulilia.

Nikanyanyua birika ili nipate mahali pa kuandikia, na nikayaona yale mafaili mawili, yote yana mviringo wa chai katikati. Miaka mingi nilikuwa nimeyatazama kama mbao. Niliona aibu. Naisema hivi hivi, niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, mimi mtu mzima mwenye mihuri minne.

Kwenye namba sita nikaandika: *Kwa sababu yetu.* Nikagonga mihuri yote, mmoja baada ya mwingine.

Bi Sikudhani aliisoma polepole. "Umeandika bila kibali."

"Najua, mama."

"Watakufunga."

"Huenda. Uhusiano wake haujathibitishwa."

Hapo ndipo nilipomwona akicheka, mara ya kwanza na ya mwisho.

*

Haya nayaandika nikiwa ndani kwa kosa la sababu isiyo na kibali, chumba kile kile alicholala Profesa Nasibu. Jina lake lipo ukutani pamoja na hesabu fulani asiyoimaliza. Lakini wizarani hakuna anayethubutu kuuliza mhuri umefikaje ulipofika. Fomu ilipita. Serikali ikaenda Kwamgude kuwanyima kwa ukamilifu, kama sheria inavyotaka. Ilivunja zege yenyewe, ikang'oa makufuli, ikabeba pampu, tangi na picha. Haikuacha kitu. Kamba zilikuwa zimefichwa darini. Nasikia Chekeleni nao, walionyimwa kwa kibao tu huku pampu mbovu ikibaki kwao, wameanza kupanga foleni dirishani, kila mmoja anataka fomu ya kunyimwa.

Jana Kibwana alikuja kunitembelea. Aliniletea kidumu kidogo kutoka kwa mama mkwe wake, na salamu kwamba mtoto ananyonya na anasumbua watu. Askari alikikagua kidumu, akanusa, akaandika "unyevu wa kimila", akanipa.

Nilikunywa yote kwa pumzi moja. Yalikuwa baridi, yana harufu kidogo ya udongo. Kabla yake nilikuwa na kiu, na baada yake sikuwa nayo. Sikupiga kura, sikutafuta mtu wa kufanana naye, na kibali sina. Kiu yangu iliisha kwa sababu ya maji.